Ukuta Uliofutwa kwa Ugali

Mtu asinifundishe mimi kusafisha nyumba yenye watoto. Nimefuta mikojo, matapishi, uji, masizi, utomvu wa ndizi, na vitu vingine ambavyo hadi leo sijui vilikuwa nini. Nilivifuta wakati ambapo sabuni ilikuwa mche mmoja tunaoukata kwa uzi, kila kipande na siku yake. Siku hizi wajukuu wananiletea dawa za kusafishia za kila rangi, kwenye chupa zenye picha za maua, halafu wananisomea maagizo kwa sauti kubwa kana kwamba nimezaliwa jana. Ninawasikiliza na kuitikia. Wakishaondoka ninachota majivu jikoni na kuendelea na kazi yangu.

Katika kusafisha kwangu kote kuna wiki moja ambayo nikiikumbuka ninacheka peke yangu hadi watu waniulize kama niko salama. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikaa Bungoma, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli, ambako mume wangu alikuwa akipima magunia ya mahindi. Nilikuwa na watoto watatu: msichana wa miaka saba, na mapacha wa kiume wa miaka mitatu, ambao Mungu aliniletea, nadhani, kwa sababu niliwahi kujisifu mbele ya akina mama wa kanisa kwamba mimi sichoki.

Jumapili moja mume wangu alirudi kutoka Bumula kwa wazazi wake, akaegemeza baiskeli ukutani, akaanza kuipangusa. Baiskeli yenyewe ilikuwa safi. Nikajua kuna neno.

"Mama anaumwa mguu," akasema.

"Pole kwake."

"Anataka mtoto wa kumsaidia kazi. Anataka huyu wetu mkubwa."

"Huyu si anaenda shule?"

Akaendelea kupangusa. "Ati mama anasema huku kwetu watoto wanakaa kama nguruwe. Ati heri mtoto aende kwake ajifunze usafi."

"Ametuona wapi, na mguu unauma?"

"Krismasi. Ati gauni ya mtoto ilikuwa na doa ya ndizi."

Nilikaa chini. Doa hilo nililijua vizuri kuliko yeye, maana ni mama mkwe huyo huyo aliyemtuma mtoto akamletee mkungu kutoka shambani, na utomvu ukamdondokea kuanzia begani hadi kwenye upindo. Utomvu wa ndizi hautoki. Unaweza kuufua hadi nguo iishe, doa libaki likining'inia hewani. Nilitaka kuyasema hayo yote, tena kwa sauti ya kufika Bumula bila baiskeli, lakini mume wangu alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kusemwa sana siku hiyo.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Msichana wangu alikuwa amemaliza muhula mmoja tu katika shule ya misheni, na kule kwa nyanya yake hakuna mtoto wa kike aliyewahi kuonekana na kitabu. Angeamka kuchota maji, arudi kuchanja kuni, alale. Mimi mwenyewe sikusoma. Nilikulia Kitale, kwenye shamba la mzungu ambako mama yangu alikuwa yaya, na nilifika darasani kwa kuchungulia dirishani tu, hadi nilipofukuzwa kwamba ninawazibia watoto mwanga. Nilikuwa nimeapa kwamba mtoto wangu atakaa ndani ya dirisha.

"Baba atakuja Jumamosi kuangalia," mume wangu akasema. "Akirudi na kusema nyumba ni safi, mama hatakuwa na neno lingine."

Basi nikapewa siku sita za kusafisha nyumba yenye mapacha.

Mama yangu hakuniachia ng'ombe. Aliniachia ujanja wa kuondoa uchafu wa watoto, alioukusanya kwa miaka mingi akifuta nyuma ya watoto wa kizungu, ambao, kwa maelezo yake, wanachafua kama wetu ila wana vitu vingi zaidi vya kuchafulia. Nilianza na mkeka wa mapacha. Mkeka uliokojolewa hauoshwi, maana ukiuosha unaifukuza harufu kutoka juu ikajifiche chini. Unaunyunyizia majivu makavu yaliyochekechwa, unayaacha yanywe, unaukung'uta, unauanika juani upande wa chini ukitazama juu. Nilimfundisha msichana wangu jambo hilo Jumatatu asubuhi kabla hajaenda shule, na Jumanne akalifanya mwenyewe bila kuambiwa, huku akiwakemea mapacha kwa maneno yangu na sauti yangu.

Sufuria tulizisugua kwa mchanga, majivu na gunzi la mahindi hadi ukaweza kujiona ndani yake, jambo lililoleta taabu mpya, kwani mapacha walikaa mbele ya sufuria wakijitolea ulimi na kuzilamba. Magauni yote niliyapaka ndimu na chumvi nikayaanika kwenye majani yenye umande. Doa la ndizi likatoka rangi ya kahawia likawa rangi ya chai ya maziwa. Nililihesabu kama ushindi.

Sakafu ndiyo ilinipa jasho. Sakafu ya udongo unaipaka mavi ya ng'ombe mabichi, ukianzia ukuta wa ndani ukirudi nyuma hadi mlangoni, na hakuna mtu wa kukanyaga hadi ikauke. Mama yangu alikuwa na dawa ya watoto kwa siku ya sakafu: gunia. Unamtia mtoto kwenye gunia la mahindi hadi kwapani, unalifunga kifuani kwa kamba laini, unamweka uwanjani. Anaona dunia, mikono yake inacheza, na hawezi kwenda popote. Nikawafunga mapacha wangu, kila mmoja na gunia lake, nikainama kufanya kazi. Nilipofika mlangoni nikasikia kishindo kama cha vyura wakubwa. Wale watoto walikuwa wamegundua kuruka. Walinipita mmoja kushoto, mmoja kulia, wakaruka hadi ukuta wa ndani, wakageuka, wakaruka kurudi. Sakafu ikabaki na mashimo ya mviringo, mstari mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi, kama mahali palipopandwa viazi.

Nikapaka upya. Safari ya pili niliyatundika magunia kwenye mti wa ghala, na watoto ndani yake wakining'inia, na jirani mmoja aliyepita akanisalimu vizuri sana kisha akatembea haraka.

Kulikuwa na ujanja mwingine nilioubuni mwenyewe. Mtoto hupangusa mikono ukutani, na mkono wake una mwisho. Kwa hiyo nilimsimamisha msichana wangu kando ya ukuta wa ndani, nikamwambia anyooshe mkono juu kabisa, nikatia alama, na kuanzia alama hiyo kushuka chini nikapaka udongo mweusi uliochanganywa na masizi. Uchafu wowote utakaopakwa hapo hauonekani. Nilifurahi mno. Kufika jioni mapacha walikuwa wamesukuma kigoda, wakapanda, na alama za mikono minne zilikuwa zimejipanga juu kabisa ya mstari wangu mweusi. Nikasogeza mstari juu. Wakaleta kinu.

Siku ya Ijumaa nilikuwa chini ya kitanda, tumboni, nikichokonoa vumbi kwenye ufa kwa mfupa wa kuku, ndipo nilipokumbuka kwamba baba mkwe wangu hawezi kuingia ndani ya nyumba yangu.

Sitanii. Kwetu wakati ule mzee hakanyagi kizingiti cha nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii, hachungulii, tena yeye na mke wa mwanawe hawatazamani usoni wala kusemezana. Akitaka kuniambia neno anamwambia mtoto, na mtoto ananiambia mimi, hata kama tumetengana kwa hatua tatu na wote tumesikia. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye ninayetoka njiani na kugeuza uso. Haya niliyajua tangu siku ya ndoa yangu. Mume wangu aliyajua tangu kuzaliwa. Mama mkwe aliyemtuma aliyajua kuliko sisi sote. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza mkaguzi atakagua nini.

Nilitambaa kutoka chini ya kitanda nikalia kwa hasira. Siku tano! Nilikuwa nimesafisha mahali ambapo hata panya walikuwa wamepasahau, kwa ajili ya macho yasiyoweza kufika. Kisha nikatoka nje kuona kile ambacho mzee angekiona.

Angeona ukuta wa mbele. Ukuta huo tuliupaka udongo mweupe wakati wa Krismasi, ukapendeza. Sasa ulikuwa umejaa alama nyeusi kutoka pembe hadi mlango. Msichana wangu alikuwa akirudi shuleni, anachukua kijiti kilichoungua, anaandika aliyofundishwa: a, e, i, o, u, makubwa kama sahani, tena na tena. Alikandamiza sana, kama afanyavyo mtu asiyetaka kitu kimtoroke, hata kijiti kikachimba udongo. Udongo mweupe wa kupaka upya unachimbwa mbali, kando ya mto, na haungekauka kufikia asubuhi.

Hapo mama yangu aliniokoa, au nilidhani ameniokoa. Kule Kitale, mtoto wa mzungu alipochora ukutani, mama mwenye nyumba hakutumia maji. Alichukua kiini cha mkate, akakisokota kama mpira, akasugua taratibu, na weusi wote ukahamia kwenye mkate. Mwisho alipangusa ukuta kwa kitambaa kikavu. Mama yangu alinieleza jambo hilo kwa huzuni, maana mkate huo ulitupwa.

Mimi sikuwa na mkate. Nilikuwa na ugali.

Jumamosi asubuhi mume wangu alikwenda kazini. Niliwafungia kuku kwenye banda bila kuwapa chochote, ili wasichafue uwanja nilioufagia. Kisha nikachukua ugali wa jana, uliolala ukakaza vizuri, nikausokota, nikaanza kusugua. Ndugu zangu, ugali unafuta! Unafuta kuliko mkate. Weusi ulitoka kama uliokuwa ukingoja kuitwa. Nilisugua, nikatupa, nikasokota mwingine, na msichana wangu akisugua upande wake, na kadiri tulivyosugua ndivyo maandishi yake yalivyotoweka. Aliniuliza mara moja tu, "Mama, sasa nitaandika wapi?" Nikamwambia asugue.

Weusi uliisha. Ila kwenye ile mifereji ambayo kijiti kilichimba, ugali uliingia ukajaa. Haukuonekana, kwa kuwa ulikuwa mweupe ndani ya weupe. Kilichobaki ni kupangusa kwa kitambaa kikavu na kuutoa kwa kijiti chembamba. Nilikuwa nimeshika kitambaa mkononi nilipomwona mzee kwenye kona ya njia, amevaa koti lake zito, amewahi kuliko tulivyotarajia. Nikaruka ndani na kufunga nusu ya mlango. Sikuwa na ruhusa ya kuwa mahali pengine.

Mzee aliketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, akaupa mlango ubavu. Nilimwona kupitia ufa wa bawaba. Alitoa mfukoni kamba fupi yenye mafundo. Mama mkwe hakujua kuandika, naye mzee hakujua kusoma, kwa hiyo kila swali ambalo mama huyo alitaka liulizwe alilifungia fundo. Mafundo yalikuwa manane.

"Njoo hapa," akamwambia msichana wangu. Akafungua fundo la kwanza. "Hawa mapacha wanalala kwa mkeka?"

"Ndiyo, kuka." Ndivyo tunavyomwita babu.

"Huo mkeka unanuka?"

"Haunuki, kuka. Kila asubuhi natoa mkeka, naweka majivu, nakung'uta, naanika."

Nyuma ya mlango nilifunga macho kwa furaha. Mzee akafungua fundo la pili.

"Sufuria nani anasugua?"

"Mimi, kuka. Na mchanga na gunzi. Ukitaka nakuletea moja ujione."

"Wachana nayo. Hawa watoto pua nani anapangusa?"

"Mimi."

"Sakafu?"

"Mama anapaka, mimi nachota mavi ya ng'ombe. Na hawa nawaweka kwa gunia."

Mzee akayatazama mafundo manne yaliyobaki. "Hizi kazi zote unajua?"

"Najua zote, kuka. Mama alinifundisha hii wiki." Kisha, kwa kuwa ni mtoto mkarimu na alitaka kunisifu, akaongeza, "Najua pia kuchota maji na debe ndogo. Haimwagiki."

"Kumbe," akasema mzee. "Basi kukhu yako atafurahi sana."

Kukhu ndiye nyanya. Kwa siku sita nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu, moja baada ya nyingine, kila kazi ambayo mama mkwe alimtakia. Kama nyumba ingekuwa chafu, mtoto angechukuliwa ajifunze usafi. Sasa ilikuwa safi, na mtoto angechukuliwa kwa sababu ameujua. Nilikuwa nimempamba kama kuku wa kupelekewa mgeni.

Sikuweza kutoka. Sikuweza kumwambia mzee neno. Nilichoruhusiwa ni kusema na mtoto wangu mwenyewe, na hakuna sheria iliyosema nisipaze sauti.

"We mtoto!" nikaita. "Mwambie kuka wewe ni mvivu!"

Nikasikia sauti yake ndogo: "Lakini mama, jana si ulisema—"

"Mwambie unaamka jua likiwa kichwani! Mwambie unakojoa kwa kitanda!"

"Ni mapacha, mama!"

"Mwambie ni wewe!"

Sikumsikia akimwambia. Nikatazama huku na huku, nikaona chungu changu cha maji, kizuri, kilichotoka kwa mama yangu. Nikakiinua nikakipiga chini kikapasuka vipande.

"Umesikia?" nikapiga kelele. "Amevunja chungu! Kila siku anavunja!"

"Nani, mama? Mimi niko hapa na kuka."

Nikachukua kibuyu cha maziwa nikakimwaga kwenye sakafu niliyoipaka mara mbili. "Na maziwa amemwaga!" Nikarusha sufuria moja baada ya nyingine, zikabingirika na kulia kama kengele za kanisa lililoshikwa na wazimu. Nikapanda kigoda, mimi mwanamke mzima, nikatia mikono kwenye masizi na kuipaka ukutani juu ya mstari mweusi. Yule ambaye macho yake hayangefika ndani nilimchafulia ndani yote. Sikuwa nikifikiri. Ningeweza kuvunja kitanda.

"Mama yako ako na nini?" nikamsikia mzee akiuliza.

"Sijui, kuka. Hii wiki yote amekuwa hivyo."

Wakati huo mapacha, ambao hakuna aliyekuwa akiwaangalia, walikuwa wamefungua banda.

Kuku wangu walikuwa tisa na jogoo mmoja, na hawakuwa wamekula tangu jana. Walitoka mbio, wakasimama, wakageuza shingo, wakanusa ugali, kama kuku ana pua. Kisha wakauvamia ukuta. Nilisikia ndani ya nyumba sauti ya tok tok tok kuanzia pembeni hadi mlangoni, kama mafundi kumi wamepewa kazi ya haraka. Vumbi la udongo likaanza kuingia kwenye ufa wangu. Nikajua nyumba yangu inaliwa.

"Kuku wa mama yako wanakula nyumba," mzee akasema taratibu.

"Naona, kuka."

Nikasikia kigoda kikisogea. Alisimama, akaja karibu na ukuta, karibu sana na mlango kuliko alivyowahi kuja, nami nikarudi nyuma hadi kwenye maziwa. Kuku hawakuondoka. Walidonoa mahali ugali ulipojaa na kuacha mahali ambapo haukushika, na ugali ulikuwa umejaa kwenye mifereji ya kile kijiti. Basi wakaichimba upya, wakaipanua, wakaiingiza ndani, hata yale maandishi niliyoyafuta asubuhi nzima yakatokea tena, mara hii yamechongwa.

"Hii ni nini?" akauliza mzee.

"Ni a, kuka."

"Nani ameandika?"

Mtoto akafikiri. "Ni kuku."

"Kuku wa mama yako wanasoma shule?"

"Hapana. Mimi ndiye nasoma. Wao wanafuatisha."

Mzee hakucheka. Nilitega sikio, lakini hakucheka. "Hebu soma," akasema.

"A. E. I. O. U."

"Rudia."

Akarudia, akitembea kando ya ukuta na kuwasukuma kuku kwa mguu ili aone vizuri.

"Na hii yenye iko hapa chini?"

"Hiyo ni shimo tu, kuka. Hapo kuku wamekosea."

"Rudia tena hizo zingine," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mtoto akasoma mara ya tatu. Safari hii nilisikia sauti ya pili ikifuata nyuma ya ile ya mtoto, nzito, ya kujikwaa, ikisema a, ikisema e. Nilisimama kwenye maziwa nikajishika mdomo kwa mikono yenye masizi.

Kisha mzee akarudi kwenye kigoda. Nilichungulia. Mafundo manne yalibaki, naye akaikunja kamba nayo hivyo hivyo, akairudisha mfukoni.

"Mwambie mama yako awache kuvunja vyombo," akasema. "Nimesikia."

"Mama, kuka anasema uache kuvunja vyombo. Amesikia."

"Mwambie asante," nikasema. Sikupata neno lingine.

"Nitaambia kukhu yako huyu mtoto hafai," mzee akaendelea, akitazama mbele tu. "Nitamwambia anavunja vyungu, anamwaga maziwa, na kuku wanakula nyumba akiwaangalia. Hakuna kazi anajua."

"Lakini hiyo ni uongo, kuka!" Mtoto wangu akaangua kilio. "Mimi najua kazi! Muulize mama!"

"Nyamaza. Fukuza hao kuku."

Akaondoka bila kunywa hata uji. Msichana wangu alilia hadi jioni kwa kuitwa asiyefaa, na alinikasirikia mimi zaidi kuliko babu yake, kwa sababu ya yale maneno ya kukojoa kitandani. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni akatazama vigae, maziwa, masizi, na ukuta wenye mashimo, akauliza kwa upole kama baba yake ameshakuja au bado.

Habari ilifika Bumula na ikakaa. Mama mkwe aliwaeleza watu wote kwamba mwanawe ameoa mwanamke ambaye nyumba yake inaliwa na kuku. Kwenye mazishi na harusi, wanawake walinipangusia kigoda kabla sijakaa, na kuniangalia wakati wa kuosha vyombo kama niliyehitaji kusaidiwa. Mimi mwenye siri zote za Kitale! Iliniuma, sitaki kujifanya shujaa. Lakini hakuna aliyemwomba tena mtoto wangu, na kila asubuhi alitoka na kibao chake kwenda shule.

Miezi michache baadaye nilikwenda Bumula siku ya kazi, peke yangu na mapacha, kumpelekea mama mkwe unga wa wimbi. Mguu wake ulikuwa bado umevimba. Nilipokuwa ninapanda kutoka mtoni nikasikia wanawake waliokuwa wakichota maji nyuma yangu wakiguna na kuziba vicheko kwa kanga. Nikainua macho. Baba mkwe wangu alikuwa akiteremka njia ile ile na debe tupu mkononi, mzee mzima, amevaa koti lake, mwanamume wa kwanza kuonekana kwenye njia hiyo na chombo cha maji. Mwanamke mmoja akaninong'oneza kwamba tangu alipomwambia mkewe hakuna mtoto anayefaa, maji huchota yeye, asubuhi na jioni, na kwamba mara ya kwanza watoto wa kijiji walimfuata wakiimba.

Nilitoka njiani, nikageuza uso, kama inavyotakiwa. Alipita. Baadaye akapanda tena, debe kichwani, maji yakimwagika mabegani kwa sababu hakuwa amezoea, nami nilikuwa bado nimesimama pale pale kwenye majani, nimeutazama mgomba. Nilikuwa na neno la kumwambia, tena lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mapacha walikuwa hawajui kupeleka maneno, na mtoto ambaye angeweza kulipeleka alikuwa shuleni.